Sahani Tatu za Mama Lupe

Ngokolo,
Shinyanga.
18 Machi, 1984.

Mpendwa mpwa wangu Sabiti,

Marahaba. Najua shikamoo umeshaitoa huko uliko kabla hata ya kuifungua bahasha, maana mama yako hakulea mtoto wa kusahau. Hujambo wewe? Na mguu je, haujambo? Nauulizia mguu peke yake kwa sababu siku hizi hapa nyumbani ndio unaoulizwa kwanza, wewe unafuata.

Sisi huku ni wazima, kwa uwezo wa Mungu. Mvua ilichelewa, kisha ikaja kwa hasira. Sukari tunaisikia kwa jina tu na sabuni ni ya foleni, lakini mjomba wako hajakonda. Watu wa kijiwe cha kahawa wanasema nanenepa kwa maneno. Nami nawajibu heri mimi ninayenenepa kwa hayo kuliko wao wanaokonda kwa wivu.

Barua yako ilifika Ijumaa ya wiki iliyopita. Niliisomea uani kwa sauti yangu ile unayoijua, majirani wakaegemea ukuta. Ulipotaja kwamba mtaa wote huo wa Hyustoni, huko Marekani, ni wa Wameksiko, na Mwafrika ni wewe peke yako, ikanibidi niwaeleze watu Meksiko iko wapi. Niliwaambia imepakana na Brazili, ukiondoka kwa baiskeli asubuhi adhuhuri umefika. Kama si hivyo, tafadhali usinisahihishe kwenye barua itakayosomwa uani. Pale ulipotaja chapati zao za mahindi nilikatiza kusoma, kelele zilizidi. Chapati, za mahindi! Mbuke wa Samuye, yule anayetuletea maziwa, alisema kama hao wanakula mahindi na maharage basi ni Wasukuma waliopotea njia, wasikutishe.

Ulipoandika kuwa hawakuiti kwa jina lako, wanakuita "Afrika", nilisema ni heshima, si kila mtu hupewa bara zima alibebe. Watu walicheka. Mama yako hakucheka.

Ndipo nikafika pale ulipoteleza kwenye ngazi za nyumba unayopanga, mguu ukavunjika, ukafungwa plasta ngumu, na wakubwa wa hicho chuo cha mitambo ya pamba wakakwambia ukae chumbani mpaka upone. Nikasoma habari za huyo Mama Lupe wa chumba cha chini, alivyokupandishia chakula mara tatu bila kuelewana nawe hata neno moja, na sahani zake zikabaki kwako kwa kuwa huwezi kushuka. Na kwamba sasa haji tena. Unasikia muziki wao na vicheko vyao chini ya sakafu, wewe uko juu na mkate na maji ya bomba. Halafu ukaniuliza: Mjomba, nifanye nini?

Mama yako akasema, "Soma tena hapo pa sahani."

Nikasoma.

"Zimekaa kwake?"

"Zimekaa."

"Tupu?"

"Sasa dada, zitakuwa na nini?"

Akauweka ungo chini. "Mwanangu amekalia sahani za watu, Nassibu, na wewe unatuhadithia Brazili."

Nyumba hii unaijua. Hata mwaka ule wa njaa, sahani ya jirani haikutoka mlangoni kwetu bila kitu ndani yake, hata kama ni bamia mbili. Basi kesho yake alikaanga karanga, akatafuta michembe ya viazi iliyokauka vizuri, akashona mfuko kwa upande wa kanga yake. Akauweka mbele yangu. "Wewe unajuana na watu wengi. Peleka."

Nikasema niachie mimi. Ningesema nini, na miaka yote hii nimewaambia marubani ni rafiki zangu?

Nilianzia posta. Karani akaunusa mfuko, akasema chakula hakiendi ng'ambo, barua ndiyo inakwenda. Nikamwambia hajui anazungumza na nani. Akaniuliza ni nani. Nikatoka.

Nikaenda Ibadakuli, uwanja wa ndege. Nilivaa koti langu la kijivu, lile ambalo mkuu wa wilaya aliwahi kusimamisha gari alitazame. Ndege ilikuwepo. Mlinzi akanizuia getini, kijana mpole wa Kisukuma.

"Mzee, ndege hii inakwenda Mwanza."

"Na ikitoka Mwanza?"

"Inarudi."

"Haiwezi kusogea mbele kidogo?"

"Mbele kidogo ni ziwa, mzee."

Nikaitazama mpaka ikaruka. Rubani nilimpungia mkono, naye alinipungia, mashahidi wapo. Lakini mfuko ulibaki mkononi mwangu.

Nikasikia kuwa kule misheni Ushirombo kuna padre anayekwenda likizo kwao. Nilipanda lori la pamba, tukakwama matopeni, na nisingelisukuma kwa bega hili la kushoto lingekuwa huko mpaka leo. Padre alinipokea vizuri, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mzee wangu, mimi kwetu ni Uholanzi." Nikamwambia si neno, akifika huko ampe mtu anayevuka kwenda upande wa pili. Alicheka, akaniombea dua ya kwao, akanipa chai isiyo na sukari. Nilirudi na mfuko, na mvua ikatukuta juu ya lori.

Mama yako aliufungua. Karanga zilishaanza kuota ukungu. Akazianika juani kwenye ungo, moja moja, wala hakuniambia neno. Sabiti, nimesemwa na watu wengi katika dunia hii, na wote niliwashinda. Huyu aliyenyamaza amenishinda.

Nilitaka nikupe shauri la kiume, lile la Geita, kabla mgodi haujafungwa. Nilipofika kule nilikuwa peke yangu katikati ya Wazinza, hakuna aliyeniitikia salamu. Nikawahadithia jinsi nilivyomkuta chatu shimoni nikamfunga fundo kwa mkia wake mwenyewe. Walicheka hadi wakaacha sururu, na tangu siku hiyo sikupika tena, kila nyumba ilinivuta mkono. Ndiyo maana nilitaka kukuandikia: wachekeshe. Kisha nikakumbuka kuwa mimi nilikuwa na miguu miwili, na Kiswahili walikijua. Wewe utamfunga chatu kwa lugha gani? Kalamu ikasimama. Mjomba wako nimekosa la kusema, na usimwambie mtu.

Jana mama yako, akichagua mboga, akaniuliza, "Barua, ulisema inakwenda?"

"Inakwenda."

"Huyo mama ana sahani ngapi?"

Nikamwambia sijui, Marekani labda mia. Akasema, "Mtu anayepanga chumba cha chini hana mia. Mimi ninazo nne. Tatu zikikaa kwa mtu, nami nitaacha kupeleka. Labda hajakasirika, Nassibu. Labda hana cha kupakulia."

Kama ni kweli au si kweli hatuwezi kujua kutoka hapa. Hilo ndilo linalotuumiza: tunakaa uani tunahesabu sahani za mtu tusiyemjua.

Kwa hiyo sikuandika kwenye ile karatasi ya bluu ya ndege isiyobeba kitu ndani, nimetumia bahasha. Ukiikung'uta utaona mbegu tatu za boga. Ni za boga la Mbuke, mama yako amezichagua mwenyewe, amezifuta kwa pindo la kanga. Usizile. Kila sahani weka mbegu moja. Shuka hizo ngazi kwa makalio, kama ulivyokuwa ukishuka kibarazani ulipokuwa mdogo, hakuna aibu, watakaokuona hawakujui. Ukifika mlangoni kwake mpe kwa mikono miwili, useme "Shikamoo, mama." Hataelewa. Sema tu.

Karani akizikuta njiani akazitoa, basi shuka vivyo hivyo, uweke hata chumvi.

Mama yako Mwasiti anakusalimu sana, na kila jioni anauliza huko sasa ni saa ngapi, nami nambahatishia. Dada yako Mwaisha anakusalimu pamoja na wanawe. Mbuke anasema kwa Kisukuma chake ng'wanawane, mwanangu, upone upesi. Kijiwe kizima kinakusalimu, nacho kinadhani mfuko ulifika. Nimewaambia rubani aliupokea mwenyewe.

Mungu akuunganishie mfupa, akufungulie na mlango wa chini.

Ni mimi mjomba wako nikupendaye, ambaye safari hii sikuweza,

Nassibu.