Mkono wa Kushoto wa Zuwena

Jumamosi, 3 Oktoba 1970
Kupima watoto tena, uwanja wa skuli, Matrah, Omani. Kamba moja, chaki, mpira wa matambara. Vifaa ndio hivyo. Daktari mgeni anatoa amri kwa Kiarabu. Mimi nawafasiria watoto wa kwetu waliotoka Unguja, na naandika, kwa sababu hati yangu inasomeka. Leo mbio na kusimama mguu mmoja. Kesho kokoto: mtoto anamtilia daktari kokoto kumi kiganjani, kwa mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Atakayeshindwa haanzi darasa la kwanza mwaka huu.
Mdogo wangu Zuwena kawashinda wote mbio. Ana miaka sita. Keshachagua pa kukaa darasani.

Jumapili, 4 Oktoba
Zuwena mkono wa kulia, sawa. Wa kushoto kauficha nyuma. Kaambiwa mara tatu. Hakutaka. Wenzake wanne vilevile.
"Andika: kushoto dhaifu," kaniambia daktari.
Sikuandika. Nimeacha nafasi tupu, mistari mitano. Daktari kaninyang'anya kalamu, kajaza mwenyewe.
Dhaifu! Mtoto anayepanda ukuta wa jirani! Nina hasira mpaka masikio yanawaka.

Jumatatu, 5 Oktoba
Nimemuuliza Zuwena wakati wa chakula.
"Nimpe mtu mzima kwa kushoto? Mama si atanichapa!"
Mama kacheka. "Mwanangu ana adabu kuliko huyo daktari wenu."
Mimi sikucheka. Nimelelewa hivyo hivyo, na jana nilifasiri kila neno bila kuliona hilo. Naona haya. Lakini hilo la "dhaifu" sikubali.

Jumanne, 6 Oktoba
Nimechukua kopo la iliki la Mama, iliki nikaimwaga kwenye karatasi, nikaenda nalo. Nikaliweka chini, mbele ya daktari.
"Nani kakuruhusu kubadili kipimo?"
"Sibadili kipimo. Nabadili pa kutilia. Kwetu mkubwa hapewi kitu kwa kushoto."
Sikuondoka. Nikawaita wote watano.
Zuwena kamaliza kumi kwa kushoto kabla sijafika saba kuhesabu. Wenzake nao, mmoja mmoja. Daktari kakata mistari yake mitano na kunirudishia kalamu.

Jumatano, 7 Oktoba
Majina ya waliofaulu yamebandikwa mlangoni. La Zuwena lipo. Ya wenzake wanne yapo.
Nilipofika, daktari alikuwa keshaweka kopo chini mwenyewe, anamngoja mtoto wa kwanza wa kundi la leo.
Nyumbani Mama kahamishia iliki kwenye bakuli. Hajauliza kopo litarudi lini.