Piano Haishuki Mjini

Jumatatu, 3 Mei 1954

Mvua tena. Mtori wa ndizi asubuhi, mtori mchana. Mama mkwe anasimama mlangoni mpaka nimalize bakuli, kama askari jela. Anna ananyonya, analala, ananyonya. Mgongo unaniuma.

Mpaka miezi mitatu ya uzazi iishe sishiki jembe, sibebi kuni, sitoki, wala wanaume hawanioni. Nakubali. Mapumziko kama haya hapa Kilema mwanamke hayapati tena mpaka azae mwingine. Lakini piano nayo imekatazwa! Eti kukanyaga zile pedali kunalegeza tumbo. Nani kasema? Mama mkwe hajawahi kukanyaga pedali maishani mwake. Na Aloisi akadakia hapohapo: "Mama anasema kweli, mke wangu. Pumzika." Alidakia haraka mno.

Jumamosi, 8 Mei

Aloisi amepanda kutoka Moshi na wenzake wa bendi. Wamefanya mazoezi sebuleni tangu saa nne. Yeye na tarumbeta yake, Dominiki kwenye piano. Piano yangu. Mimi nimefungiwa chumbani, ukuta wa mbao katikati.

Walikuwa wanapiga ule wimbo wa Wamarekani. Jina lake hatulijui, karatasi ya santuri imechubuka, imebaki rangi nyekundu tu. Tunauita Nyekundu. Nilipokuwa na mimba niliusikiliza kwenye gramafoni mpaka sindano ikawa butu. Kisha nikakaa kwenye piano, tumbo limenitangulia, nikautafuta. Masista walinifundisha kinanda cha kanisani, nyimbo za Misa tu, kila kidole mahali pake. Nyekundu haitaki hivyo. Katikati wimbo unapanda, unapanda, halafu unarudi ulikotoka. Sikupenda urudi. Nikaushusha kwa mkono wa kushoto, polepole, kama mtu anayetoka mferejini na ndoo kichwani na njia inateleza. Nikauacha uchelewe. Ndipo nikaufikisha nyumbani. Hakuna aliyenifundisha.

Dominiki anapiga kama anatwanga. Aloisi akamkatiza, "Siyo hivyo bwana, mke wangu anashuka hivi," akampigia mluzi kipande chote. Hakukosea hata sauti moja. Kumbe siku zote zile alikuwa ananisikiliza. Nikafurahi, mtoto yuko ziwani. Mjinga mimi.

Jumapili, 16 Mei

Wifi Theresia amekuja baada ya Misa. Yeye anashona nguo mjini, hakosi dansi. Hata kukaa hajakaa:

"Wifi! Jana wamepiga kile kipande cha kwako, kile cha kushuka. Watu wamepagawa! Bendi imerudishwa mara mbili. Dominiki akasimama, akainama hivi, kama Mzungu."

"Wakasema ni cha nani?"

"Cha Dominiki. Kwani wangesema cha nani? Hata kaka Aloisi alimpigia makofi."

Mtori umenishinda leo. Mama mkwe kauliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo.

Jumamosi, 22 Mei

Nimemsubiri Aloisi wiki nzima na maneno yangu mdomoni. Alipoingia hata koti sikumwacha avue. Akacheka. Akasema, "Mama Anna, wimbo wenyewe si wako. Ni wa Wamarekani."

Nikamwambia: ndizi ni za kila mtu na ulezi ni wa kila mtu, lakini pombe ya mbege ya mama yako kijiji kizima kinaijua kwa kuionja. Jirani akisema kaipika yeye, mama yako atanyamaza?

Akaacha kucheka. Nikadhani ameelewa. Kumbe alikuwa anatafuta pa kuanzia la kwake. Jumamosi ijayo linakuja lori. Piano inashuka mjini, inakwenda kukaa kwenye ukumbi wa dansi. Eti huku inaoza na ukungu. Eti mimi ni mzazi, sina kazi nayo.

Nina kazi nayo! Kuna mama mmoja wa Kigiriki, mwenye shamba, niliyemlelea wanawe wawili mpaka wakaanza kunisahihisha Kiswahili changu. Alipouza shamba akarudi kwao, piano aliniachia mimi. Mimi, kwa jina langu, kabla Aloisi hajaleta pombe ya kuposa. Nimemwambia haitoki. Akasema tutaona. Anna akaanza kulia, mazungumzo yakaishia hapo. Huwa yanaishia hapo.

Nina hasira. Bendi imechukua kipande. Sasa inataka na piano niliyokitungia.

Jumamosi, 29 Mei

Lori limefika asubuhi, matairi yote matope. Aloisi na vijana wa bendi wameingia na kamba. Nikasikia Dominiki anasema, "Shika huku, angalia miguu yake."

Mama mkwe alikuwa jikoni. Sikumwita. Nikajifunga kanga, nikamchukua Anna, nikafungua mlango, nikatoka. Nikaketi kwenye kiti cha piano. Nikatoa ziwa, nikamnyonyesha.

Sijawahi kuona wanaume wakigeuka kwa pamoja namna ile. Mzazi wa ndani, yuko sebuleni, mbele yao! Mmoja alijifunika uso kwa kofia. Dominiki alitoka kinyumenyume, akajigonga kwenye fremu ya mlango, akaniamkia shikamoo na mimi mdogo kwake. Kamba wakaiacha chini. Aloisi peke yake alibaki, ananiita kwa jina langu la ubatizo, "Fransiska, Fransiska, unaniaibisha."

Nikamwambia aibu haikuanza leo. Ilianza pale ukumbini, alipopiga makofi.

Lori limeondoka tupu.

Jumapili, 30 Mei

Mama mkwe amenijia chumbani jioni. Kisha yakamtoka yote. Sina adabu, mtoto ataingiwa na jicho baya, huko kanisani yeye ataficha wapi uso wake. Ana haki yake. Nampenda, na amenilisha kwa mkono wake. Mwisho akavuta pumzi, akasema:

"Umeshaonekana. Uzazi wenyewe umeuvunja. Piga basi hiyo piano yako. Ila usikanyage kule chini."

Jumamosi, 12 Juni

Mvua imekata. Aloisi amekuja peke yake, bila bendi. Radhi hakuomba. Alisema amewaambia wenzake kile kipande ni cha nani, na Dominiki amenuna. Akaketi, akavua viatu.

Anna alikuwa amelala mgongoni mwangu. Nikapiga Nyekundu taratibu, nisimwamshe. Aloisi akaichukua tarumbeta, akaiziba mdomo kwa kofia, akanifuata. Tulipofika katikati akajiandaa kushuka na mimi, nami nikapanda. Sikuwa nimepanga. Vidole vilikwenda tu. Akapotea. Akaishusha tarumbeta, akasema:

"Mbona siyo kile?"

Nikamwambia sijui. Leo nimepitia huku.

Akauliza kama ninaweza kurudia. Siwezi. Nikaendelea kupiga palepale nilipofika, kwa mkono mmoja, mpaka akapata pa kuingilia.