Jina Nililolitaja

Sfax, Jumapili

Kaka Lotfi,

Salamu nyingi huko Doha. Mama hajambo na mizeituni imezaa. Mkeo Hayet, mimba ya miezi saba, anakula pilipili kali ya harisa hadi Mama anamwonea huruma mtoto.

Umeuliza kwa nini Hayet hana kazi. Kampuni yetu imeleta mashine inayopokea simu za wateja kwa sauti ya binadamu. Sisi wanane ndio tulioifundisha. Sita wakafukuzwa, tukabaki mimi na wifi.

Bosi akaniita. "Raoudha, nahitaji mmoja tu wa kuisimamia. Nani aondoke?"

"Hayet," nikajibu papo hapo. "Mjamzito yule, atakusumbua."

Jioni Hayet alinililia mapajani. "Wifi, chuma kile kimenitupa nje!"

"Kilaaniwe," nikamwambia.

Juzi na mimi nimefukuzwa. Hayet alinipikia kuskusi ya samaki, akanifuta machozi. "Afadhali tumefukuzwa na mashine, wifi. Angekuwa mtu, nisingemsamehe."

Anasema mtoto akiwa wa kike atamwita Raoudha. Mkatalie, kaka. Sababu usimwambie.

Dada yako,
Raoudha