Wimbo Ambao Atumani Aliutupa

Lubna we! Mama kanisimulia sasa hivi, bado siamini.

Mwaka wa tisini na sita, vita vimepamba moto, Mama alikuwa akiimba kwenye bendi ya mtaa wa Buyenzi. Akatunga wimbo: "Nani amefunga mlango wa Kinama?" Atumani, kiongozi wao, akasema utupwe. Utupwe! Mtu ambaye wimbo mbovu kabisa huubadilisha mpaka ukakaa sawa!

Mama akaingiwa na shaka. Huyu anataka kuniibia wimbo, akawaza. Akaanza kumchunga.

Alasiri moja akamkuta nyuma ya gereji walipokuwa wakifanyia mazoezi, anaongea na mwanamume ambaye Mama hakumjua. Akamsikia kwa masikio yake: "Ule wimbo nilitunga mi. Ulikuwa mubaya, nimeutupa."

Nilitunga mi!!

Mama akachomoka: "Muongo! Ni wangu!"

Yule mwanamume akageuka taratibu, akitabasamu. "Wako? Imba basi nisikie."

Ndipo Mama alipomtazama Atumani usoni. Jasho lilikuwa likimtiririka. Mama akaelewa: huyo mgeni ni mpelelezi, anamtafuta aliyetunga wimbo wa Kinama, mtaa uliofungwa na jeshi.

Lubna, akaimba! "Nani amefunga mlango wa bibi harusi?" Bibi harusi! Na sauti akaipotosha makusudi.

Mgeni akacheka. "Kweli ni mubaya." Akaenda zake.

Mama akaketi juu ya tairi. "Kwa nini hukuniambia?"

Atumani akajifuta uso. "We Mwanne, kwa vile ulivyokuwa unaniangalia, ungeniamini?"