Maharimu Wangu ni Dereva

Sparkhill, Birmingham
9 Septemba 2024

Mwanangu Haroun,

Asalaam aleikum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta mzima, unakula vizuri na unalala vizuri. Mimi sijambo, alhamdulillahi, isipokuwa kiuno, nacho tumeshazoeana. Nimetoka eda wiki mbili zilizopita. Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, mpaka kelele za mabasi ya Stratford Road nikazitamani.

Utashangaa nimeipata wapi anwani yako. Nambari yako marehemu babako aliifuta katika simu zetu zote siku ulipoacha chuo na kuhama ile nyumba ya Selly Oak, na mimi nilimwacha aifute. Hilo nalikiri mwanzo kabisa tusije tukazungukana.

Sasa sikiliza. Sisi wanawake wa darsa la Alkhamisi tunakwenda umra Desemba, kumi na wawili, na kurudi tunapita Dubai siku tatu. Siku moja tunapelekwa kutembezwa jangwani. Mwanamkasi, ndiye anayetupangia mambo, kagawa karatasi za kampuni. Nageuza ya kwangu, namwona kijana kaegemea landikruza nyeupe, kanzu safi, kilemba kichwani, anacheka. Meno ya marehemu bibi yako yaleyale. Mwanamkasi akaniambia, "Huyu dereva kafanana na mhandisi wako." Nikaikunja karatasi, anwani ya kampuni imeandikwa chini, nikaitia mkobani. Sikumjibu kitu, na tangu siku hiyo najichukia.

Maana unajua tulivyosema hapa. Babako aliwaambia watu uko Maskati, mhandisi wa mafuta, na mimi miaka mitatu niliitikia. Sitaki kuitikia tena. Nataka kuja huko jangwani, na gari nitakalopanda uliendeshe wewe. Niandikie kukoje, nijitayarishe na nini. Andika, usipige simu. Kwenye simu nitalia, na wewe utasingizia mtandao.

Mamako,
Thuwaiba


Dubai
24 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi inaendelea. Pole kwa kiuno na pole sana kwa eda. Barua yako ililetwa ofisini, nikaenda kuisomea garini, madirisha nimeyafunga.

Umeuliza kukoje. Nakwambia kama ninavyowaambia wageni wote. Gari linakuja hotelini saa tisa mchana. Kula chakula chepesi, tena mapema. Waliojaza biriani ndio wanaotapika. Vaa ndara, viatu vya kamba vitajaa mchanga tu. Tukifika ukingoni mwa jangwa tunasimama, dereva anapunguza upepo wa matairi karibu nusu. Usidhani ni pancha. Tairi gumu huzama, tairi laini hutambaa. Halafu mikanda, halafu matuta ya mchanga. Gari linapanda unaona mbingu tupu, kisha linaporomoka upande wa pili, moyo unabaki juu. Hivyo kwa dakika arubaini. Tunakwenda kwa foleni, na hakuna kusimama tutani hata mtu akilia. Ngamia naye huinua miguu ya nyuma kwanza, kwa hiyo egemea nyuma, la sivyo utashukia kichwani mwake. Kambini kuna kahawa ya iliki, tende, hina, nyama ya kuchoma, mahali pa kusali magharibi, na mwanamke anayecheza kwa nguo ambazo darsa lako halitazipenda.

Na wenye mgongo mbovu tunawaomba wasipande matuta. Kwa hiyo, mama, kaa hotelini.

Ukishikilia kuja, nitamwomba Jatinder akuendeshe. Mtu mwema, ana miaka kumi na moja jangwani na hajapindua gari. Mimi nitakuwa gari la nyuma. Wewe hunijui, mimi sikujui. Si kwamba naionea haya kazi yangu. Naipenda. Lakini sitaki ukatize Stratford Road watu wanakunyooshea kidole kwamba mhandisi wako kumbe ni dereva. Tena siku ya msiba ami Idarous alinipigia, watu wameshatoka makaburini. Akasema nisije. Akasema baba kaondoka bila kunipa radhi, na neno la maiti halitenguliwi. Nimelishika neno hilo mpaka leo.

Mwanao,
Haroun


Sparkhill
8 Oktoba 2024

Mwanangu Haroun,

Marahaba. Mimi sijambo, na hasira zangu pia hazijambo.

Hilo la Idarous sikulijua. Mimi nilikuwa chumbani na wanawake, nauliza, "Haroun kaambiwa?" Nikajibiwa umetafutwa hukupatikana. Nimelala na jibu hilo miezi minne na siku kumi, nikikuona mtoto mwenye moyo wa jiwe. Kumbe ulipatikana, ukafukuzwa.

Jatinder ni mtoto wa watu, Mungu ampe umri, lakini sikumzaa mimi. Gari lake sipandi. Kiuno nimekipeleka kwa daktari, kakiminyaminya, kasema ni misuli, niende zangu.

Na habari ya dereva usinieleze kama unamweleza mgeni. Babako aliendesha basi la mji huu miaka ishirini na sita. Alikuwa akitoka alfajiri, barafu imeganda kwenye kioo, anaikwangua kwa kadi ya maktaba. Mkate uliokula, skuli uliyosoma, nyumba hii ninayoandikia, vyote vimetoka kwenye usukani. Alitaka wewe usiushike. Namwelewa, Mungu amrehemu, alichoka kutukanwa na walevi. Lakini kumwelewa mtu si lazima niseme uwongo wake mpaka na mimi nizikwe. Kazi mbi si mchezo mwema, na yako wala si mbaya.

Sasa kuna jambo. Saudia siku hizi hawadai, lakini kikundi chetu bado kinataka kila mwanamke alete fomu iliyotiwa saini na maharimu wake. Idarous kasikia. Jumapili kaja, kakaa kwenye kiti cha marehemu, akasema, "Shemeji, fomu nitaitia saini mimi, kwa sharti jangwani huendi. Mjane harushwirushwi mchangani." Nikamwambia, "Shemeji, juzuu thelathini umezihitimu, hujui kwamba wewe si maharimu wangu? Wewe ungeweza kunioa kesho." Chai ikampalia.

Maharimu wangu ni mwanangu. Fomu hiyo ndani ya bahasha: jina, uhusiano, kazi, saini. Anayezikusanya ni Mwanamkasi, naye husoma mpaka nukta.

Mamako,
Thuwaiba


Dubai
29 Oktoba 2024

Mama,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia kiuno ni misuli. Mimi mzima.

Saini nimetia. Jina na uhusiano nimejaza. Kwenye kazi nimeacha wazi. Jaza utakavyo. Ukiandika mhandisi sitakulaumu.

Nikwambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Ami aliponipigia siku ile nilikuwa na wageni sita. Walikuwa wanapiga picha, mimi napunguza upepo wa tairi la nyuma. Nikaizima simu, nikalimaliza lile tairi, nikapanda nikawaambia, "Fungeni mikanda." Niliwachekesha njia nzima. Baadaye wakaandika kwamba dereva wao alikuwa mchangamfu kuliko madereva wote. Tangu siku hiyo nimejua naweza kujifanya chochote, hata kutokuwa mwanao kwa saa sita. Usinione mkaidi, mama. Naogopa tu.

Mwanao,
Haroun


Sparkhill
9 Novemba 2024

Mwanangu Haroun,

Marahaba baba. Habari ya lile tairi nimeisoma mara moja, ya pili sikuweza. Nimelia mpaka nimechoka, na sasa nimenawa uso naandika.

Fomu nimekurudishia. Sijazi.

Miaka mitatu uwongo wa nyumba hii nimeubeba mimi, sokoni, harusini, msibani, "Haroun hajambo, yuko Maskati, kazi nyingi." Leo unanipa kalamu niuandike kwenye karatasi ya kwendea Makka? Siandiki. Na "dereva" pia siandiki, maana nikiandika mimi, wewe bado utakuwa umejificha nyuma ya mkono wa mamako. Una miaka ishirini na sita. Mkono unaoshusha gari lile matutani ndio utakaoandika.

Usipojaza, siendi umra, siendi Dubai, nitakaa hapa hapa nimwangalie Idarous akisema si nilikwambia. Unaogopa, sawa. Andika huku unaogopa.

Mamako,
Thuwaiba


Dubai
20 Novemba 2024

Mama,

Shikamoo. U hali gani na baridi?

Fomu hiyo. Nimeandika kwa herufi kubwa, DEREVA WA WATALII JANGWANI. Kalamu imepasua karatasi kidogo, samahani, nilikandamiza.

Yenu ni magari mawili. Sita kwa Jatinder, sita kwangu, na wewe kiti cha mbele. Ofisini nimeshawaambia abiria huyo ni mama yangu mzazi. Na ami akikuuliza, mwambie nimemaliza kunyamaza.

Mwanao,
Haroun


Sparkhill
3 Desemba 2024

Mwanangu Haroun,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, begi limefungwa tangu juzi.

Fomu nimempa Mwanamkasi Alkhamisi, darsani, watu wote wamekaa. Akasoma, akavua miwani, akaivaa tena. "Thuwaiba, hivi sivyo tulivyosikia." Nikasimama. Nikasema, "Mlivyosikia ni uwongo, na mimi nimeusema miaka mitatu, mnisamehe. Mwanangu ni dereva, kama alivyokuwa babake." Halafu mmoja akacheka. Nikamwuliza mwanawe anafanya kazi gani siku hizi, akaacha kucheka. Mwanamkasi akaichukua fomu akaiweka pamoja na nyingine, akasema, "Haya, tuendelee na dua."

Idarous keshafikishiwa. Kapiga simu mara nne, sijapokea hata moja.

Nina ombi. Siku hiyo usijitambulishe kama unavyojitambulisha kwa wageni, mimi Haroun dereva wenu basi. Sema jina lote. Haroun bin Haidari bin Mubarik. Babako alikunyima radhi, lakini jina alikupa yeye mwenyewe, alikuadhinia sikioni hospitali ya hapa hapa Birmingham huku nesi anashangaa. Jina halirudishwi. Lisimamie.

Mamako,
Thuwaiba


Sparkhill
11 Januari 2025

Mwanangu Haroun,

Asalaam aleikum. Tumefika salama, tumeikuta theluji mlangoni. Mimi mzima. Kiuno kimeniuma siku nne na sijuti hata moja. Mwanamkasi anamhadithia kila mtu alivyotapika kwenye mfuko tuta la pili, mwenyewe anajisifu. Yule mwanamke anayecheza, sisi tulimgeuzia mgongo, lakini nyama tulikula.

Siku ile ukijitambulisha, ulipofika kwenye jina la babako uliinama ukajitia kutazama tairi. Mimi nilikuona. Wewe lakini hukuona yaliyokuwa nyuma yako. Wanawake wote walinyanyua mikono wakamwombea rehema marehemu, hata wale wa gari la Jatinder, na aliyeanza ni yule aliyecheka darsani. Ukageuka ukawaamkia, wakaitikia marahaba mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na yake. Ndipo nilipokwambia tupande, jua linatuchoma. Jua halikuwa likinichoma.

Jana Idarous kaja. Kauliza kama ni kweli nimemtangaza mbele za watu mtoto aliyekosa radhi ya babake. Nikamwambia, "Wewe ulimpigia mwanangu siku ya msiba ukamzuia kuja kumlilia babake, kisha ukaagiza niambiwe hakupatikana. Hilo utajibizana na Mungu. Lakini habari ya radhi usinifundishe. Miezi tisa alikaa kwangu, si kwako." Chai sikumtilia. Kaondoka, na milango ya nyumba hii naifunga na kuifungua mimi.

Sasa lako wewe. Babako kaondoka na radhi yake. Labda huko aliko keshaitoa, labda bado, sijui, na sitakudanganya kwamba najua, nimedanganya vya kutosha. Yangu hii hapa. Mimi mamako nimekuridhia, Haroun, dunia na akhera, wewe na kazi yako na mikono yako miwili. Sikuagiza mtu akwambie, nimeiandika mwenyewe, tarehe iko juu na jina liko chini. Atakayebisha aje Sparkhill.

Mamako,
Thuwaiba