Vichwa Sita vya Filimbi

Wifi yangu Poni,

Kaka yako ametoka mapema kwenda Jebel, nyumba imetulia, nami nimekuja nyumbani kwako, nimekaa kwenye benchi lako la kazi hapa mtaani Hai Mauna. Nataka nikuambie jambo kabla sijaanza kulia tena.

Unakumbuka tulivyokosana. Nilipiga ile filimbi uliyoitengeneza kwa paipu ya maji. Noti za chini zilitoka vizuri, lakini nilipopanda juu, sauti ikabaki chini ya waimbaji, watu wakacheka. Nikasema filimbi ina kasoro. Ukanijibu mbele ya kwaya nzima, "Filimbi iko sawa. Mdomo wako ndio mvivu!" Nikakurudishia filimbi yako, nikaacha kwaya. Mwezi mzima hatukusemeshana. Kisha malaria ikakumaliza kwa siku nne. Nilipofika hospitali ulikuwa hunisikii. Nilikushika mkono tu. Malesh, wifi. Nisamehe.

Baada ya mazishi, kaka yako alinipa sanduku lako la vifaa. Ndani nilikuta vichwa sita vya filimbi, vile vipande vya juu vyenye tundu la kupulizia. Kimoja tundu lake pana, kingine dogo, kingine umekichonga kingo kwa ndani, kingine umesogeza kizibo cha ncha ya juu. Kila kimoja umekiandika kwa kalamu: "Cha wifi. Bado." Vyote sita. Nilikaa sakafuni. Kumbe ulijua. Kumbe mwezi ule nilipokuwa nimenuna, wewe ulikuwa unanitafutia sauti.

Basi nikaendelea ulipoishia. Nilivijaribu vyote. Tundu pana lilitoa sauti kubwa, zile kingo zikaisafisha, lakini noti za juu bado zilishuka, maana paipu ina upana uleule mwanzo hadi mwisho. Nikakata kipande cha plastiki, nikakisugua kwa msasa, kinene upande wa kizibo, chembamba kuelekea matundu ya vidole. Nikakibandika ndani ya kichwa ili njia ya hewa ibane pale juu. Mara ya kwanza kilikuwa kinene mno, filimbi ikalia kama mbuzi! Ungecheka hadi ukae chini. Nikasugua tena, na tena.

Jumapili iliyopita nilipiga kanisani kule Malakia. Nilipopanda, sauti ilipanda nami, ikakaa mahali pake. Mama yako alikuwa mbele kabisa. Katikati ya wimbo akasema kwa nguvu, "Huyo Poni! Msikieni Poni!" Hakuna aliyemnyamazisha. Mimi nilishindwa kumaliza ubeti.

Ulikuwa na ulimi mkali, wifi, na mimi najua kununa. Nyumba yako na yangu zinatenganishwa na njia ya miguu tu, na hakuna aliyevuka.

Pumzika sasa. Filimbi nitazitengeneza, na kila kichwa nitakiandika jina lako kwa ndani, hata kama mnunuzi hataliona. Na nikikosana na mtu ninayempenda, nakuahidi, nitamfuata mlangoni kwake siku hiyohiyo.

Wifi yako anayekukumbuka,
Keji