Alamu ya Saa Tatu na Nusu

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Wewe uliyeliokota daftari hili, sikujui. Nakuomba kwa mama aliyekuzaa: lisitoke hata neno moja. Usimsomee mwenzako. Usipige picha ukurasa. Nimebakiza siku kumi na moja za majaribio kazini, na hapa Tunduma habari inavuka mpaka haraka kuliko lori.

Leo nimechelewa dakika saba. Saba! Bwana Edson, mwenye ofisi, alikuwa mlangoni anachokonoa meno kwa kijiti, anatema vipande vya nyama kwenye ngazi niliyoipiga deki mimi. Akaniuliza: dakika saba mara siku mia tatu ni ngapi, Sekela? Nikapiga hesabu kweli. Elfu mbili na mia moja. Akacheka. Lucky, karani mwenzangu, naye akacheka. Nina diploma ya forodha, nimefaulu vizuri, na nilisimama pale kama mtoto aliyejikojolea.

Kazi yetu ni kuwaandalia watu karatasi za kuvusha mizigo kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Wiki iliyopita Bwana Edson alikwenda Vwawa kwenye semina ya matumizi ya muda. Siku mbili tu! Amerudi na cheti, amekitundika pale ilipokuwa saa ya ukutani. Saa ameitupa stoo. Anasema mfanyakazi anayetazama saa anasubiri kwenda nyumbani.

Kijiti cha meno amekiacha juu ya faili langu. Nimekitoa kwa karatasi. Nimenawa mara mbili.


Jumatano, 3 Septemba

Mafunzo tangu asubuhi. Wateja wamekaa kwenye benchi la nje wakitusikiliza tukifundishwa kutopoteza muda.

Lakini niandike kwa haki — mengine yana maana. Kupanga kesho kabla ya kulala. Kuanza na kazi inayokuogopesha. Kuigawa siku vipande vya nusu saa na kuandika kila kipande umefanya nini. Na simu: zisikae mezani. Kila mtu atege alamu kwa mambo yake makubwa, kisha simu zote ziingie kwenye boksi la sabuni, kimya, juu ya dirisha la nyuma. Itasikika alamu tu.

Nimechora mistari ya daftari langu la muda kwa rula. Lucky aliandika siku yake nzima saa kumi na moja jioni, kwa dakika mbili, huku anakula muwa. "Saa nne, kazi. Saa tano, kazi. Saa sita, kazi sana." Makapi ya muwa chini ya meza, sisimizi wamejaa. Dada Anastazia, karani mkuu, hakuandika kitu. Alisema yeye amekaa mpakani miaka kumi na sita, anajua ni saa ngapi kwa kelele za barabarani.

Nawadharau. Na nawaogopa. Sijui vipi mtu anaweza kufanya yote mawili kwa pamoja.


Ijumaa, 5 Septemba

Inafanya kazi! Mafaili sita kabla ya saa sita mchana. Tangu Jumatatu sijachelewa tena. Bwana Edson aliwaonyesha wenzangu daftari langu, akiligusa kwa vidole vyenye mafuta ya chipsi. Kidole chake chote kimebaki pale, ukurasa wa tatu.

Lucky ananiita Dada Alamu.


Jumanne, 9 Septemba

Sijui nianzie wapi. Nianze asubuhi.

Saa mbili kasoro dakika kumi alikuja Mama Roda. Ametoka Ileje, milimani kwetu. Ni mwenyekiti wa kikundi cha kina mama kumi na wanne wanaolima nyanya. Nyanya zao zote ziko kwenye Fuso moja kule yadi, mnunuzi anazisubiri Nakonde. Alisoma jina langu kifuani, akafurahi, akanisalimia Kindali, lugha ya kwetu. Nikamjibu Kiswahili. Nilijifanya sijui! Kwa sababu Lucky alikuwa anasikiliza.

Kilichobaki ni mkaguzi wa mazao kuzitazama na kutoa cheti. Miadi yake ilikuwa yadi, saa nne kamili. Mimi ndiye wa kupeleka karatasi. Bila hizo hawezi kukagua. Nikatega alamu saa tatu na nusu. Simu ndani ya boksi. Nikamwambia Mama Roda akae karibu na meza yangu, tutaondoka pamoja.

Alikaa. Baada ya muda akasema, mwanangu, muda haujafika? Nikasema bado. Nikaendelea kuandika. Akatoka nje, akatazama jua, akarudi. Mwanangu, naona kama umefika. Nikasema — naandika maneno yangu yalivyokuwa — "Mama, hapa hatufanyi kazi kwa jua. Alamu itanikumbusha." Lucky alicheka kwa pua. Nilijisikia mwerevu. Mungu wangu.

Alamu ikalia. Nikatoa simu: saa tatu na nusu. Nikaandika kwenye daftari: 3.30, kuondoka na mteja kwenda yadi. Tukatembea. Robo saa tu.

Mkaguzi hayupo. Dereva wa Fuso akatoa kichwa: mlikuwa wapi? Amesubiri mpaka saa nne na nusu, amekupigia mara tatu, hupatikani. Ameshaondoka kwenda Kamsamba kukagua mpunga. Kurudi Alhamisi.

Nikasema haiwezekani, ndiyo kwanza saa nne kasoro. Nikamwonyesha simu. Dereva aliitazama, akaanza kucheka, kisha akaona uso wa Mama Roda akaacha.

Simu ilikuwa imekamata mtandao wa Zambia. Pale dirisha la nyuma, linalotazama Nakonde! Imejirudisha saa nzima nyuma, yenyewe. Kila mtoto wa Tunduma anajua kuizima ile saa ya kujirekebisha. Mimi simu nimeinunua Mbeya mwezi wa sita. Nilikuwa naitazama kila siku chumbani kwangu, ambako ni sawa. Boksini imekaa siku nne bila kunidhuru. Leo ikaamua.

Nilimwambia Mama Roda kumetokea tatizo la mtandao. Tatizo la mtandao! Huo ndio ulimi wangu. Alipanda nyuma ya Fuso, akaanza kugeuza matenga ya juu ili yapate hewa.


Jumatano, 10 Septemba

Joto. Nyanya zimeanza kutoa maji. Nimempelekea Mama Roda chai yadi. Akanishukuru.


Alhamisi, 11 Septemba

Mkaguzi alirudi. Alifunua matenga matatu akafunika. Hakuhitaji hata kuandika mengi. Chini ya gari kumejitengeneza dimbwi jekundu lenye povu, nzi wamelala juu yake kama kitambaa cheusi. Harufu tamu, ya kuoza, inanata. Iko kwenye nywele zangu hivi sasa. Nilitapika nyuma ya choo cha yadi, na choo chenyewe — basi. Sitaandika.

Mchana Mama Roda alikuja ofisini. Hakuja kudai. Alisema nyanya zimekwenda, shamba litazaa tena. Anataka karatasi moja tu. Jumatatu kikundi kinakaa, na wapo wanaosema mwaka jana pia alichelewa makusudi, kwamba huwa anauza njiani na kurudi na hadithi. Wakimvua uenyekiti atabaki anapishana nao kisimani bila kusalimiwa. "Mniandikie tu kwamba sikuchelewa."

Bwana Edson akavuta daftari langu la muda. Akalifungua mbele yake kama Biblia.

"Mama, soma. Saa tatu na nusu karani wangu ametoka hapa. Miadi saa nne. Sasa nani amechelewa? Gari lako halikuwepo."

"Gari lilikuwepo, baba. Na mimi nilikuwa nimekaa na huyu binti. Hapa. Jua lilikuwa limeshafika pale kwenye bati."

"Mama, una saa?"

"Sina."

"Una simu?"

"Imeisha chaji tangu juzi."

"Basi. Mwenzako anaandika kila nusu saa. Wewe unatazama bati!"

Lucky alicheka. Mimi nilikuwa naangalia mikono yangu. Mama Roda alinigeukia. Hakunishitaki, alisubiri tu, kama mtu anayejua kwamba mtoto atasema. Nikasikia sauti yangu: daftari liko sahihi.

Halikuwa sahihi! Nililiandika kwa uaminifu na ni uongo mtupu, kila mstari wa siku ile. Mistari ya rula!

Alipotoka, nilimfuata Dada Anastazia jikoni nikamweleza yote. Alikuwa anakoroga chai, akainywa kwa mlio hadi mwisho ndipo akanijibu. Alijua tangu Jumanne, alisema, alipoiona simu yangu. Lucky pia anajua.

"Na Bwana Edson?"

"Bosi anajua anachotaka kujua. Mdogo wangu, kesho ndiyo siku yako. Funga mdomo, pokea barua ya ajira, halafu utubu ukiwa na mshahara."

Akanipiga begani. Mkono wake ulikuwa wa moto na unyevunyevu. Nimeoga lakini bado nausikia.


Ijumaa, 12 Septemba

Tuliitwa wote. Bwana Edson akasema kwamba mafunzo yake yamezaa matunda, na tunda lenyewe ni Sekela. Ofisi imeokolewa na daftari la mtu anayeheshimu muda. Makofi. Lucky alipiga makofi kuliko wote, huku ananikonyeza.

Karatasi mbili mezani. Ya kwanza, barua yangu ya ajira. Ya pili inakwenda kwa kikundi cha kina mama, Ileje: kwamba mteja alichelewa kufikisha mzigo sehemu ya ukaguzi, kama kumbukumbu za karani zinavyoonyesha. Chini pameandikwa jina langu, na nukta za sahihi.

Nilifikiria kodi ya chumba. Mdogo wangu Atupele aliye kidato cha tatu. Mama, aliyewaambia watu kanisani kwamba nimepata ofisi. Nilifikiria pia kwamba naweza kusema sasa hivi, sentensi moja, fupi, yenye kiima na kiarifu. Sikuisema.

Nilisaini zote mbili. Kwa kalamu moja, bila hata kuinua mkono.

Kisha wakaagiza soda. Nilikunywa! Fanta. Niliimaliza.


Jumamosi, 13 Septemba

Niko uani kwa kanisa, kwenye mawe ya ujenzi. Mama Roda amelala kwa ndugu zake huku huku Tunduma, anaondoka leo. Nilipata namba ya ndugu yake kwa dereva wa Fuso. Nikapiga, nikamwambia Mama Roda apite hapa saa tisa, nina kitu cha kumpa. Alisema, sawa mwanangu. Mwanangu, bado!

Kazi inayokuogopesha ianze kwanza. Ndivyo tulivyofundishwa. Nimeamka saa kumi na moja alfajiri, nikafua, nikapiga pasi, nikapanga vyombo kwa ukubwa. Sasa ni saa tisa kasoro robo na ndiyo naanza. Stadi gani hizi!

Naandika humu humu, nitachana ukurasa:

"Kwa kina mama wa kikundi. Mimi ndiye karani niliyekuwa na Mama Roda siku ya Jumanne tarehe tisa. Alifika ofisini kabla ya saa mbili asubuhi. Gari lake lilikuwepo yadi. Aliniuliza mara mbili kama muda umefika, nikamkatalia. Muda ulikuwa umefika. Simu yangu ilikuwa inasoma saa ya Zambia, sikujua. Aliyechelewa ni mimi. Barua ya ofisi si ya kweli, ingawa ina sahihi yangu."

Nimeisoma mara nne. Ni kweli yote. Nayo ikifika Ileje, mtu atapiga simu ofisini kuuliza ipi ni ipi, na kabla ya Jumanne sina kazi. Au hawatapiga. Nani atamwamini mtu aliyesaini kote kuwili? Hata mimi nisingemwamini. Namwonea kinyaa huyu dada, na vidole vyake visafi.

Sijaweka sahihi.

Anakuja. Ameshaingia getini. Ana kitenge kile kile cha Jumanne, kimebaki na doa jekundu pindoni. Ile barua ya ofisi, waliyompa aipeleke mwenyewe, ameikunja ndani ya mfuko wa nailoni, ameishika kifuani isipate vumbi. Hajaifungua, nadhani. Au ameifungua. Anatembea polepole, anazungusha macho, ananitafuta.

Niandike upesi upande wa nyuma.

Wakitaka kunihoji: wasipige simu ya ofisi. Wapige ya kwangu, Mama Roda atawapa, saa za jioni. Nisipopokea wasitume ujumbe, ujumbe husomwa na wenzangu wa ofisini. Waje. Kutoka kanisani hapa wafuate ukuta hadi kwenye mashine ya kusaga, washuke mkono wa kushoto, nyumba ya bati la bluu yenye vyumba sita. Cha kwangu ni cha mwisho, mlango wa kijani, pazia lina maua. Wasiseme wametoka Ileje. Wasiulize karani; waulize Sekela tu. Waseme Kindali, nitajibu Kindali. Taa ikiwa inawaka na mimi sifungui, wajue nipo ndani. Wagonge tena. Wagonge kwa nguvu.